Tangi la Samaki na Daftari la Marehemu

Wiki hii naomba mniwie radhi niliweke kando suala la mirathi tuliloahidiana, niwasimulie jambo lililotokea nyumbani kwangu, nami ndiye niliyekosea.

Marehemu mwanangu, Allah amrehemu, aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume, na tangi la kioo la lita 150 lenye maji ya bahari, mchanga, mawe ya mwamba yaliyoota viumbe vidogo vidogo, na samaki wanne. Mtoto huyo, ambaye sasa ana miaka 12, ndiye alishaye na apimaye maji. Miongoni mwa samaki hao alikuwamo kangaja, aliyenunuliwa na marehemu akiwa mdogo kama sarafu. Kangaja si samaki wa pahala padogo. Mwambani huogelea mwendo mrefu akichuna mwani, na huyu wetu alikuwa amekua, akifika kiooni anageuka, akifika upande wa pili anageuka. Kila nilipomtazama nilimkumbuka yule mwanamke wa katika hadithi, aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa. Ndipo nikanunua tangi la lita 450.

Maji hayo peke yake yana uzito uzidio kilo 450, kwa hivyo tangi tuliliweka chini, ukumbini, juu ya meza ya chuma. Tuliyateka Nyali, bahari ikiwa imejaa, kwani maji yakipwa huchota taka za ufuoni. Mjukuu wangu aliyapima chumvi kila dumu, kama mchuuzi asiyemwamini mwenziwe.

Siku ya kuhamisha, samaki wakiwa ndani ya ndoo zenye pampu ndogo ya hewa, kijana alikwenda chuoni. Nikabaki na mawe. Yalikuwa na utelezi, na mchanga wa chini ulikuwa mweusi, unanuka. Ndugu zangu, nimesomesha mlango wa tahara kwa zaidi ya miaka 25. Niliona haifai kuingiza uchafu katika chombo kipya. Mchanga nikaumwaga, jambo ambalo halikuwa na ubaya, kwani ule wa zamani ukitibuliwa hutoa sumu. Lakini mawe nayo niliyapeleka mferejini, nikayasugua kwa brashi.

Nilikuwa nimekwisha kuosha zaidi ya nusu aliporudi. "Babu, usioshe! Unayaua!" Alipiga kelele hata nyanyake akatoka jikoni.

Nilimkemea. Nilimuuliza kama hayo ndiyo aliyofunzwa chuoni, kumpandishia mzee sauti. Akanyamaza, akaenda chumbani, akarudi na daftari la babake. Akanifungulia ukurasa. Kwa mwandiko ninaoujua, kwani mimi ndiye niliyemfunza kushika kalamu, kulikuwa kumeandikwa kwamba mawe yasiguswe na maji ya mfereji.

Sababu yake nimeielewa baadaye. Utelezi ule una bakteria ambao ndio uhai wa tangi zima. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza hiyo kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Maji matamu yenye klorini huwaua. Nilichokiita najisi kilikuwa ndicho chenye kusafisha.

Tuliyarudisha mawe yote, yaliyooshwa na yasiyooshwa, kwani samaki hawangeweza kukaa ndooni. Siku ya tatu kichupa cha kupimia amonia kilibadilika rangi kutoka manjano kuwa kijani. Tulikwenda Nyali tena, na tena, tukibadilisha maji usiku na mchana. Siku ya tano, niliporudi kutoka msikiti kuswali alfajiri, nilimkuta kijana amekaa sakafuni. Kangaja alikuwa amelala ubavu.

Hadithi ya Abu Umayr, mtoto aliyefiwa na kidege chake naye Mtume (S.A.W.) akamsemeza kwa upole, nimeidarasisha mara nyingi. Mwanachuoni wetu wa Kishafi, Ibn al-Qass, alitoa faida 60 ndani yake, na mojawapo ni kujuzu kumweka ndege nyumbani. Asubuhi ile sikuikumbuka faida hata moja. Niliketi naye sakafuni, nikamtaka radhi: kwa ajili ya samaki, na kwa ajili ya kumkemea ilhali yeye ndiye aliyekuwa na haki. Hakujibu. Alisogea, akaniegemea.

Watatu waliobaki wako hai, na wiki jana kichupa kilirudi manjano. Daftari liko juu ya tangi. Chini ya mwandiko wa babake, mjukuu wangu ameandika tarehe, kiasi cha maji, na maneno haya: "Babu aliosha mawe." Mamake alitaka ayafute. Mimi nimemwambia ayaache.