Manjano Katika Kisiwa cha Bumbire

Bumbire ni kisiwa katika Ziwa Viktoria. Kimo katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Ukitoka bara, unavuka maji kwa mtumbwi wa mashine. Wakazi wengi wa kisiwa hiki ni wavuvi. Wanavua sangara, sato na dagaa.

Upepo ukivuma kwa nguvu, ziwa huchafuka na kuvuka ni hatari. Mtu akiugua siku hiyo, jamaa zake hutazama kwanza kilichomo jikoni. Pengine mna chumvi, tangawizi na manjano. Je, manjano ni dawa?

MANJANO NI NINI?

Manjano, ambayo wengine huyaita binzari, ni ndugu wa tangawizi. Asili yake ni Asia. Hapa nchini hulimwa Tanga, Morogoro na Zanzibar. Tunatumia shina nene linalokua chini ya udongo. Shina hilo huchemshwa, hukaushwa, kisha husagwa.

Rangi yake hutokana na kemikali iitwayo kurkumini. Katika gramu 100 za unga mna kama gramu 3 tu za kemikali hiyo. Unaweza kuiona ikibadilika. Koroga manjano kidogo katika maji, kisha tia magadi. Rangi ya njano itageuka kuwa nyekundu.

JE, YANAPONYA?

Katika maabara, kurkumini hupunguza uvimbe na huua baadhi ya vijidudu. Lakini chupa ya maabara si mwili wa mtu. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji. Ukiila, sehemu kubwa hutoka na choo. Ile kidogo inayoingia mwilini huvunjwa upesi na ini. Mwaka 1998 wataalamu wa India walionyesha kuwa kitu kilichomo katika pilipili manga huisaidia kuingia katika damu. Hata hivyo, kuingia katika damu siyo kuponya ugonjwa.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, mpake samaki wako manjano, chumvi na ndimu. Hicho ni chakula kizuri. Lakini manjano hayatibu malaria. Hayatibu wala kichocho, ugonjwa ambao watu wa ziwani huupata wakiingia majini. Magonjwa haya yana vipimo vyake na dawa zake.

Ukichomwa na ndoana, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usikitie unga wa jikoni. Nenda ukaonwe na mhudumu wa afya, maana pepopunda huua. Iko chanjo ya kuizuia.

Mtoto akipata homa, usikae kungoja manjano yafanye kazi. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, apimwe damu. Kama ni lazima kuvuka kwenda bara, vukeni mapema, ziwa likiwa bado shwari.