Barua Tatu Nilizosema Sijazipata

Leo sina mahubiri. Nina ungamo, na nina jambo la kukufundisha kuhusu barua pepe yako, kwa sababu lililonipata mimi linaweza kukupata wewe.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri mlangoni. Akaniuliza kwa upole, "Pasta, mtoto anauliza kama ulizipata barua zake. Amekuandikia mara 3." Mwanawe yuko chuoni, mbali na nyumbani, na fomu yake ya basari ilihitaji barua ya kiongozi wa dini. Nikajibu kwa sauti, watu wakisikia: "Mama, sijapokea kitu. Hawa vijana husema wametuma, kumbe hawajatuma." Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Pasta," akaenda zake.

Mpendwa, sikuwa nimedanganya. Lakini pia sikuwa nimetafuta.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Kesho yake nikamwita kijana anayeshughulikia mitambo yetu ya sauti, maana kompyuta anaijua. Akaniambia, "Pasta, tusikisie. Tukague hatua kwa hatua."

Kwanza alinitumia barua ya majaribio kutoka kwa simu yake. Ikaingia papo hapo. Kwa hivyo akaunti ilikuwa inapokea. Akanieleza kwamba Gmail ya bure ina nafasi ya GB 15, na nafasi hiyo hutumiwa pia na picha na faili unazohifadhi kwa Google. Ikijaa, barua mpya haziingii, na aliyekuandikia hurudishiwa ujumbe kwamba barua yake haikufika. Tukaangalia; yangu ilikuwa haijajaa.

Pili tukafungua sehemu ya barua taka. Huko tulikuta matangazo, na watu nisiowajua wanaotaka kunigawia urithi. Ya kijana wetu haikuwepo. Hapo pia nikajifunza kitu: barua ikikaa kwenye taka siku 30, hufutwa yenyewe. Ukichelewa kutafuta, hutapata hata alama yake.

Tatu akaniambia niandike jina la kijana mahali pa kutafutia. Nikaandika.

Zikatokea barua 3.

Zote zilikuwa zimefika siku zilipotumwa. Ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye heshima, na fomu ameiambatisha. Ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu ilisema, "Pasta, samahani kwa usumbufu. Siku ya mwisho ilikuwa jana. Asante kwa kuendelea kuniombea."

Nilifunika uso kwa mikono.

Sasa sikia zilikokuwa. Makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, wengi wenu mliniandikia mahitaji yenu. Barua zikawa nyingi, nami nikatengeneza kichujio: barua yoyote yenye neno "maombi" isikae kwenye kikasha, iende kwenye lebo yake peke yake, niisome usiku kwa utulivu. Nilizisoma kweli, kila usiku. Kisha milango ikafunguliwa, watu wakarudi kuniona ana kwa ana, nami nikasahau ile lebo. Kichujio hakikusahau. Kiliendelea kufanya kazi niliyokipa, na simu haikulia, kwa sababu haikuwa imewekwa kunijulisha barua za lebo ile. Kijana wetu aliandika juu ya barua yake, "Maombi ya barua ya pasta." Kompyuta haijui tofauti ya maombi ya magoti na maombi ya basari.

Mpendwa, unaona? Mlango ulifungwa na mkono wangu mwenyewe, halafu nikamlaumu aliyekuwa nje akibisha. Na hakuwa peke yake. Ndani ya lebo ile kulikuwa na barua nyingine 27 ambazo sikuwa nimezifungua. Moja ilitoka kwa dada aliyeomba tumwombee kesho yake akienda kufanyiwa upasuaji. Ilikuwa ya mwaka 2022.

Sikumwandikia yule kijana. Nilimpigia simu, nikamwomba msamaha. Basari ya muhula huo ilikuwa imepita, na siwezi kukuambia kwamba ilirudi. Barua yake niliiandika siku hiyo hiyo, aitumie nafasi nyingine ikitokea. Na Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu walewale walionisikia nikimwita mwongo, nikamwambia mama yake, "Mwanao alisema kweli." Hata wale wengine 27 nimeanza kuwapigia mmoja mmoja.

Basi, mtu akikuambia amekuandikia na huoni kitu, usijibu upesi. Tafuta jina lake kwanza. Angalia taka na tupio, maana utafutaji wa kawaida haufiki huko. Angalia nafasi. Mwambie akusomee anwani aliyotumia, herufi kwa herufi; herufi moja ikikosewa, barua huenda kwa mwingine au hurudi. Kisha keti kwenye kompyuta, kwa sababu programu ya simu haikuonyeshi vichujio, ufungue mipangilio usome vichujio na anwani ulizozuia. Utashangaa uliyemzuia siku ya hasira.

Na ukimaliza, jiulize: ni nani nimemhesabu kuwa amenyamaza, kumbe mimi ndiye sijafungua?

Kama wewe ni mmoja wa wale 27 na bado sijakufikia, nipigie. Ninakusikiliza.

Ubarikiwe.