Kimeng'enya Kisichomeng'enya

Sisi tufundishao Kiswahili mbali na pwani twayapenda maneno ambayo asili yake yaonekana, kwani mwanafunzi huyashika upesi. Neno kimeng'enya ni mojawapo. Latokana na kumeng'enya, yaani kukivunjavunja chakula tumboni, na kwa vimeng'enya vya mate jina hilo halina kasoro. Lakini mwaka 1967 maabara kadhaa za Marekani ziligundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuunga. Chaitwa ligasi. Wanafunzi wetu waliposikia hayo walituuliza: kivunjacho chaungaje?

Swali hilo ni la haki. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na uti wa kila uzi ni sukari na fosfeti zikipokezana. Uzi mmoja ukikatika, ligasi ya mwanadamu huchukua kipande cha ATP, ile akiba ya nguvu ya chembe hai, ikakipachika kwenye fosfeti iliyo ukingoni mwa ufa. Kisha sukari ya ukingo wa pili huishika fosfeti hiyo, na kile kipande huachiliwa.

Wako waiitao ligasi gundi. Sisi hatukubali. Gundi hubaki kati ya vitu ilivyovishikanisha, ilhali ligasi huondoka, wala hakibaki kitu kigeni. Mwanafunzi aliyefundishwa gundi ataitafuta ndani ya uzi asiione. Kushona nako huacha uzi wa mshonaji. Kitenzi kifaacho ni kuunga, kama mganga aungavyo mfupa, na penye ufa pakawa mfupa vilevile.

Wala si majeraha tu. Mwaka 1968 Reiji na Tsuneko Okazaki wa Japani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba DNA inaponakiliwa, uzi mmoja hutengenezwa vipande vipande. Pasipo ligasi vipande hivyo visingekuwa uzi. (Reiji, mzaliwa wa Hiroshima, alifariki mwaka 1975 kwa saratani ya damu.) Nyuzi zote mbili zikikatika pamoja, kazi huwa nzito: protini ziitwazo Ku huzishika ncha, na ligasi ya nne huziunga, pengine herufi kadhaa zikiwa zimekwisha kupotea.

Tungependa kukiita kiunganishi, lakini sarufi imekwisha kulitwaa jina hilo kwa ajili ya "na" na "lakini". Basi mwenzetu wa biolojia na abaki na ligasi yake, mradi aielezapo aseme kuunga.