Ramani ya Viazi

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Sita hapa Kichiwa, kando ya njia itokayo Njombe kwenda Makambako. Nataka kuwaeleza habari ya somo moja la viazi.

Nalikuwa na desturi ya kuchora ubaoni kile kiitwacho ramani ya mawazo. Neno moja huandikwa katikati, kama shina. Kwake hutoka matawi, na kila tawi lina vitawi vyake, na juu ya kila kimoja neno moja au mawili tu. Mwingereza Tony Buzan aliieneza desturi hii kwa televisheni ya BBC mwaka 1974, ingawa michoro ya namna hiyo ilikuwapo tangu zamani. Nalichora vizuri, kwa chaki za rangi, nao watoto wakainakili. Hata siku moja nalikosea neno “mbolea”, nikaandika “mbolae”, na nilipokusanya madaftari nikakuta kosa lile katika yote ila matatu. Hapo nikafahamu kwamba ramani ile ilikuwa ya mawazo yangu peke yangu.

Baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Wenzangu watatu wakaniazima vyao, na changu kikawa cha nne. Katika intaneti ziko programu ambazo ramani moja huwekwa mahali pamoja, watu wengi wakaiandika kwa wakati mmoja, kila mtu akiona tawi la mwenzake likichipuka palepale. Nikawagawa watoto vikundi vinne, nikaandika katikati VIAZI, kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi iliyonishinda zaidi.

Mwanzo ulikuwa vurugu. Kikundi kimoja kikafuta tawi la wenzao, wenyewe wakapiga kelele. Kwa bahati programu ile huweka kumbukumbu ya yaliyofutwa, basi tukalirudisha, nikawaambia: asiyependa tawi la mwenzake achore lake kando, aandike na sababu. Kisha mtandao ukapotea kwa robo saa, kama ilivyo kawaida yake, na katika robo saa ile ya kungoja walijadiliana vizuri kuliko wakati wote.

Mtandao uliporudi matawi yakaongezeka: udongo, mbegu, bei, malori ya Makambako. Katika tawi la “ugonjwa” mmoja akaandika “ukungu”. Juma lililotangulia nalikuwa nimewaeleza jinsi ugonjwa huo ulivyoharibu viazi vya Ireland tangu mwaka 1845, watu wapata milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Basi nalitazamia neno Ireland, nalo likatokea. Lakini kando yake ukaanza mstari mwingine, polepole, herufi kwa herufi: “ukungu, hakuna mavuno, kwenda kibarua na mama, mtoto haji shule.”

Nikageuka nione ni kikundi gani. Kishikwambi kilikuwa mikononi mwa binti mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kunyosha mkono. Muhula uliopita alikosa majuma matatu. Nalimwuliza sababu mbele ya wenzake, akanyamaza, nami nikamwandika mtoro.

Kabla sijasema neno, mstari wake ukapata vitawi kutoka vikundi vingine: “mbegu safi”, “kunyunyiza dawa mapema”, “kukopeshana mbegu”, na kimoja kimeandikwa “hata kwetu”.

Sisemi kwamba kioo kile kina uchawi. Siku nyingine walijaza ramani upuuzi mtupu, maana jina la mwandishi halikuonekana. Na fedha za bando zinapokwisha, twatumia karatasi za mifuko ya saruji zilizounganishwa, watoto wakizizunguka sakafuni kwa kalamu, na kazi yaendelea. Lakini mbele ya ubao nalikuwa nimesimama mimi, na chaki mkononi mwangu. Nadhani binti yule asingeandika maneno yale mbele yangu.

Jioni nalifungua daftari la mahudhurio, nikaandika sababu kando ya jina lake, kisha nikaenda kwao. Baba alikuwa shambani. Mama akaja mlangoni akifuta mikono, akasema, “Kamwene, Mwalimu,” akanipa kigoda, akaniuliza mtoto amekosa nini tena.

Nikamwambia hakukosa yeye.