MAGAZIJUTO haina NA wala AU

Aliyesoma shule ya msingi hapa kwetu anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ukiruka hatua, umekosa. Lakini hakuna aliyetufundisha kati ya NA na AU kipi kinatangulia, na maneno hayo mawili ndiyo yanayotusumbua mtaani.

Mama mdogo anaishi Chamazi. Mwezi uliopita alifuata huduma kwenye ofisi moja yenye tangazo mlangoni: “Lete kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa.” Kitambulisho alikuwa nacho, barua hana. Akarudishwa. Nauli imekwenda, na siku hiyo chapati hazikuuzwa. Jioni akaniuliza, “Mwanangu, wewe msomi, kwani ‘au’ maana yake nini?”

Nikaiingiza sentensi ile kwenye kompyuta kwa Python, lugha ya programu tunayojifunza chuoni. NIDA: kweli. Cheti: si kweli. Barua: si kweli. Jibu likatoka kweli, yaani mama ahudumiwe! Python hutanguliza NA kabla ya AU, kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Kwa hiyo iliona hivi: NIDA au (cheti na barua). Na kwa kuwa NIDA ipo, haikuhangaika hata kuitazama barua.

Karani yeye alisoma: (NIDA au cheti) na barua. Hapo unaanza ndani ya mabano: kweli au si kweli, inabaki kweli. Kisha unatoka nje: kweli na si kweli, inakuwa si kweli. Arudi nyumbani. Hata mabano yawe ndani ya mabano mengine, unaanza na ya ndani kabisa, unatoka nayo taratibu.

Kwa maoni yangu karani hakuwa mkorofi. Kila mmoja aliweka mabano yake kichwani, na tangazo halikumsaidia yeyote. Kompyuta angalau inakwambia kanuni yake mapema.

Kwenye mazoezi ya kufundisha huko Mbagala niliandika tangazo lile ubaoni, darasa likagawanyika, kelele tupu. Nikawaambia waliandike upya bila mabano, asibaki wa kubishana. Binti mmoja wa dawati la nyuma akaandika: “Barua ya serikali ya mtaa ni lazima. Pamoja nayo, lete kimoja: NIDA au cheti cha kuzaliwa.”

“Na mwenye vyote vitatu?” nikamwuliza.

“Si apite tu, mwalimu!” Akaitazama sentensi yake, akachomeka “angalau” kabla ya “kimoja”.