Mbwa Anayeringa

Mbwa wengi wa Kenya hawajawahi kuulizwa wanataka kula nini. Jioni sufuria ya ugali inakwanguliwa, ukoko unalowekwa kwa maji, sukuma iliyobaki inatupwa ndani, kazi imeisha. Mbwa anakula saa ngapi? Watu wakimaliza. Anakula nini? Kilichobaki. Ndiyo maana ukimwambia mtu kwamba mbwa wako hataki kula, hatakuuliza kama ni mgonjwa. Atakuuliza, "Kwani ulimzoesha nini?"

Mama yangu ana swali lake: "Unga ni bei gani siku hizi, na mbwa anaringa?"

Mbwa mwenyewe anaitwa Tyson. Ni wa kaka yangu mkubwa, nusu German Shepherd na nusu haijulikani. Kaka alipata kazi ya usekiuriti huko Doha, mkataba wa miaka miwili. Aliacha vitu vitatu nyumbani kwetu Rongai: koti la mvua, stuli ya mbao aliyokuwa anakalia pale mlangoni jioni, na Tyson. Wiki ya tatu baada ya ndege kuondoka, Tyson akakataa chakula.

Nilikuwa nampikia vile vile kaka alivyokuwa anampikia. Unga wa mahindi, mapafu kutoka bucha, karoti mbili zimekatwakatwa, maji mengi, moto wa makaa. Nikishaipoza naweka kwa sufuria yake nyuma ya nyumba. Tyson alikuwa anakuja, ananusa, kisha ananiangalia vile konda anaangalia noti ya mia iliyochanika. Halafu anaenda kulala chini ya tangi la maji.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Mwenye bucha alisema nichanganye na damu. Jirani alisema niache alale njaa siku tatu, atajua dunia. Binamu yangu anayeishi Kileleshwa alileta mfuko wa chakula cha dukani, zile punje kavu zenye picha ya mbwa anayetabasamu. Mfuko mmoja ulikaribia shopping yetu ya wiki. Tyson alikula siku mbili, ya tatu akazinusa na kurudi kwa tangi. Mama aliangalia zile punje, akaangalia bei iliyobandikwa kwa mfuko, akaingia ndani bila kusema kitu. Mama akinyamaza hivyo, afadhali angepiga kelele.

Kwa nini mbwa anachagua? Nilianza kusoma, kwa sababu usiku ni mrefu na bundles zilikuwa zinaisha kesho yake.

Kwanza, ugali wenyewe hauna makosa. Mwaka wa 2013 wanasayansi wakiongozwa na Erik Axelsson wa Uppsala, Sweden, walichapisha utafiti katika jarida la Nature wakilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu, wale wanaoitwa wolf. Waligundua kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kuvunja wanga tumboni. Maana yake, tangu watu waanze kulima, mbwa amekuwa akikaa karibu na jikoni akila nafaka zetu, mpaka mwili wake ukazoea. Kwa hivyo Tyson hawezi kuniambia ati ugali si chakula cha ukoo wao. Ugali peke yake hautoshi, protini na mafuta lazima viwepo, lakini kama msingi wa sufuria hauna shida.

Pili, ulimi wa mbwa si hodari sana. Binadamu ana vionjaladha karibu 9,000, mbwa ana kama 1,700. Ladha nyingi tunayoisikia sisi, yeye anaipata kwa pua. Chakula baridi hakina harufu ya kutosha, na kwa mbwa chakula kisicho na harufu ni kama simu isiyo na chaji. Ukikipasha kidogo, kiwe vuguvugu, au ukimwagia supu ya mifupa isiyo na kitunguu wala chumvi, tayari umebadilisha mlo bila kuongeza shilingi. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa, kwa hivyo ile supu yetu ya kawaida si yake. Chokoleti na zabibu pia hapana. Mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha ambavyo vinaweza kutoboa utumbo.

Tatu, mbwa anajifunza haraka. Akikataa ugali akaletewa maini, kesho atakataa tena, na hata mimi ningekataa. Wajuzi wanasema weka chakula saa zile zile kila siku, mpe dakika 20, asipokula ondoa bila maneno, na katikati ya milo asipewe kitu. Ukitaka kubadilisha chakula, changanya kipya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Mwenye kumkazia macho mbwa na kumbembeleza anageuza mlo kuwa mkutano.

Lakini sheria ya dakika 20 ni ya mbwa mzima wa afya. Mbwa aliyeacha kula ghafla huenda haringi. Hapa kwetu kupe wako kila mahali, na homa wanazoleta zinaanza hivyo hivyo: chakula kinakataliwa, ufizi unapauka, mbwa anakuwa mzito kuamka. Jino bovu pia linafanya hivyo. Unga nao una siri yake. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 Kenya, wengi wao upande wa Ukambani, na mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hiyo. Ile tabia yetu ya kusema "mahindi haya yameota ukungu, wapatie mbwa" ni kumuua taratibu, kwa sababu ini lake linaharibika, na kukosa hamu ya kula ni mojawapo ya dalili za mwanzo. Halafu kuna kichaa cha mbwa. Mbwa ambaye hajachanjwa, anashindwa kumeza, anatoa mate na amebadilika tabia, usitie mkono wako kinywani mwake kutafuta mfupa uliokwama. Kaa mbali, ita daktari.

Kwa hivyo nikampeleka Tyson kwa daktari wa mifugo. Tulitembea, kwa sababu hakuna matatu itakubali kilo 20 na ushee za meno. Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, mikono haina haraka. Aliuliza kuhusu chanjo, nikampa kadi. Akainua mdomo wa Tyson, akakandamiza ufizi kwa kidole, akaangalia rangi ikirudi. Akapima joto. Akapapasa tumbo. Akatafuta kupe ndani ya masikio. Halafu akamwambia apande kwa mizani, na Tyson, kwa vile si mimi niliyesema, akapanda.

"Mara ya mwisho alikuwa kilo ngapi?"

Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi, kwa mwandiko wa kaka yangu. Kilo 24.

"Leo ni 26," daktari akasema. "Huyu anakula, dada. Swali ni anakula wapi."

Nililipa, nikashukuru, na njia yote ya kurudi nilikuwa nahesabu washukiwa. Kibanda cha chips? Geti letu la mabati halina mwanya. Jirani wa siku tatu? Yule hata wageni hawapi chai. Watoto wa plot? Wanamwogopa Tyson hadi leo.

Jioni hiyo sikulala mapema. Doha na Nairobi ziko kwa saa moja, hakuna tofauti, kwa hivyo kaka hupiga simu saa tatu za usiku kabla ya kuingia shifti. Mama anaongea naye kwanza, halafu mimi. Usiku huo nilimaliza kuongea, nikaenda jikoni kuosha vyombo, na kwa dirisha nikamwona Mama. Amekaa kwa ile stuli ya kaka pale mlangoni, sahani ya chakula mapajani. Tyson amekaa mbele yake wima kama askari. Mama anachukua tonge, anachovya kwa mchuzi, anampa. Anachukua kipande cha nyama, anampa. Anamwongelesha pia, pole pole, vile kaka alikuwa anamwongelesha akitoka kazi. Sahani iliisha. Kwa muda wote huo, mkono wa Mama haukuenda kinywani mwake hata mara moja.

Nilisimama pale na maji ya sabuni yakinitiririka hadi kwenye viwiko. Mambo mengi madogo yalikuja na kujipanga. Sketi yake ya kanisa aliyokuwa ameishika kwa pini. Jinsi kila jioni alikuwa ananiambia, "Kula tu, mimi nitakula nje, ndani kuna joto." Rongai, mwezi wa saba, ati kuna joto.

Nikatoka nikakaa kwa ngazi, karibu na miguu yake. Tyson hakujali.

"Mama, huyu daktari amesema ameongeza kilo mbili."

Alicheka kidogo. Halafu akasema, "Chakula hakipiti, mami. Nikikaa na sahani naona kama na yeye huko hajakula. Sasa huyu angalau anakula nikimwona."

Sikuwa na jibu la maana. Nilichukua ile sahani tupu nikaishika. Tyson alikuja kuilamba.

Nafikiri hapa ndipo ushauri wote niliosoma ulikuwa na shimo. Vitabu vinaongea kuhusu mbwa na chakula, kana kwamba wako wawili tu kwa chumba. Lakini sufuria ya mbwa iko ndani ya nyumba ya watu. Nani anapika, nani amesafiri, nani anakaa nje usiku na sahani, yote yanaingia kwa hiyo sufuria. Tyson hakuwa mchaguzi. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini huyu hata hakuchagua nazi. Alipewa sahani ya mtu kila usiku, nyama na mchuzi, akipakatwa kwa maneno. Ungekuwa wewe, asubuhi ungekula mapafu?

Daktari nilipompigia simu hakushangaa. Alisema mchuzi wa watu ukome, kwa sababu ya chumvi na kitunguu, na milo iwe miwili kwa saa zisizobadilika. Kuhusu Mama alisema tu, "Huyo mpeleke kwa daktari wa watu."

Kumkataza Mama kukaa kwa ile stuli hakungewezekana, na sikujaribu. Tulipatana hivi. Tyson anakula asubuhi saa moja na jioni saa tatu, baada ya simu. Jioni tunatoka wote. Sufuria yake inawekwa kwanza, vuguvugu, kando ya ngazi. Kisha sisi tunakaa na sahani zetu, Mama kwa stuli, mimi kwa ngazi. Hakuna tonge linalotoka kwa sahani ya mtu kwenda kwa mbwa. Na hakuna anayeingia ndani mpaka sahani zote tatu ziishe.

"Kwani mimi ni mtoto?" Mama aliuliza.

"Ni ya Tyson," nikasema. "Daktari amesema anahitaji mfano."

Usiku wa kwanza Tyson alikaa mbele ya Mama wima, akasubiri, akalia kidogo. Mama aliangalia pembeni, kwa uchungu kama mtu anayenyimwa deni lake. Alikula matonge manne. Usiku wa pili Tyson alinusa sufuria akaondoka, dakika 20 zikaisha, nikaiondoa. Mama hakuniongelesha hadi asubuhi. Usiku wa tatu, tukiwa katikati ya ndengu, tulisikia sufuria ikisukumwa kwenye simenti. Hakuna aliyegeuka. Tuliendelea kula kama hatujasikia, na Mama akajiongezea mchuzi.

Kwenda hospitali kulichukua wiki mbili za mabishano. Alienda. Alichoambiwa ni chake na daktari wake, ila kuna vidonge anameza kila siku, na ile pini imetoka kwa sketi.

Kama mbwa wako anaringa, basi, anza na mizani. Akipungua, enda kwa daktari leo, usingoje kesho, na kama ni kitoto cha mbwa usingoje hata jioni. Akiwa hajapungua, funga macho kwa sufuria yake kidogo na uangalie sahani zingine za nyumba.

Mkataba wa kaka umebakisha miezi kumi na minne. Tyson ana kilo 24 na nusu. Ugali anakula, mapafu anakula, karoti bado anazitoa moja moja na kuzipanga kando ya sufuria, na Mama anasema hiyo tabia anaijua ametoa kwa nani. Kaka naye siku hizi hapigi simu ya kawaida, anapiga ya video, na haanzi na salamu. Anaanza na, "Nionyesheni sahani. Ya Mama kwanza."