Kadutu: pistoni ya nne yawatia mazoezini wapigaji wawili wa basi

BUKAVU – Fanfari moja ya kanisa huko Kadutu ina wapigaji wawili wa basi, chombo ambacho wengine wanakiita tuba. Mzee anapiga basi ya pistoni tatu. Kijana aliyefundishwa naye amepewa nyingine, kuukuu lakini nzima, yenye pistoni nne. Waumini walitegemea nguvu mara mbili. Lakini kila wimbo ulipofika kwenye re ndefu, basi hizo mbili zilipigana, na trompeti hazikujua zifuate ipi.

Kosa halikuwa la mtu. Ni hesabu ya mabomba. Basi ya si bemoli ina bomba la karibu mita 5.5. Pistoni ya pili inashusha sauti nusu toni, ya kwanza toni moja, ya tatu toni moja na nusu. Kila pistoni inaongeza kipande cha bomba kilichopimwa kana kwamba inafanya kazi peke yake. Ukibonyeza 1 na 3 pamoja, chombo kimekwisha kuwa kirefu zaidi na vipande havitoshi tena: kwa hesabu vinapungua karibu sentimeta 13. Ukibonyeza zote tatu, vinapungua karibu sentimeta 24. Hapo sauti inapanda kuliko inavyotakiwa.

Pistoni ya nne peke yake inashusha toni mbili na nusu, sawa na 1 na 3, lakini bomba lake limepimwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo re, na so ya chini, zinapigwa kwa 4. Do dieze na fa dieze ya chini zinapigwa kwa 2 na 4. Ukizidi kushuka unapata fa kwa 1 na 4, kisha mi kwa 1, 2 na 4.

Kuyaandika hayo kwenye karatasi ni dakika tano. Vidole vilimchukua kijana wiki nyingi. Akiona re, kichwa kinasema 4, mkono umekwisha kubonyeza 1 na 3. Usiku, kwa kuogopa majirani, alifanya mazoezi bila kupuliza, akibonyeza pistoni na kuimba noti polepole.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa mzee.

«Mwanangu, hiyo ya nne ni ya kujionyesha,» alimwambia. «Kwa hizi tatu nimesindikiza wafu wangapi?»

«Ni kweli, papa. Basi nami nitarudi kwa tatu.»

Kijana alikuwa tayari kuiacha kuliko kumwaibisha aliyemfundisha. Kiongozi wa fanfari ndiye aliyekataa. Aliwaeleza kwamba tuba ya kwanza, iliyotolewa na Wieprecht na Moritz huko Berlin mwaka 1835, ilikuwa na pistoni tano. Kisha akawaomba wapige re moja, ndefu, wao wawili tu.

Sauti ilitetemeka, wa-wa-wa. Mzee aliisikia. Bila kusema neno alivuta bomba la pistoni ya tatu nje kidogo, wakapiga tena. Mtetemo ulipungua. Akavuta tena, ukakoma.

Dawa hiyo nayo ina bei yake. Bomba likiwa limevutwa, noti za 2 na 3 zinashuka, na mzee analazimika kuzipandisha kwa midomo. Noti aliyokuwa akiipiga kwa 3 peke yake sasa anaipiga kwa 1 na 2. Katika umri wake, naye anabadilisha vidole.

Siku hizi kila mazoezi yanaanza na re hiyo. Wawili hao wanakaa bega kwa bega, mzee akiwa ameshika bomba la tatu, na trompeti zinangoja mpaka mtetemo uishe ndipo ziingie.